Maswali ya Wasomaji: Ufuatiliaji na Tathmini ya Miradi ya Maji Vijijini

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji walio kwenye miradi ya maji, iwe ofisini, shambani au ndani ya kamati za vijiji, waniandikie yanayowatatiza katika kupanga na kutekeleza ufuatiliaji na tathmini. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyo nayo. Nimechagua sita na kuzifupisha bila kugusa kiini chake.

Mama, shikamoo. Mimi ni afisa mradi katika shirika dogo mkoani Dodoma. Tumepata ufadhili wa miaka mitatu wa kuchimba visima virefu na kujenga vilula, yaani vituo vya umma vya kuchotea maji ya bomba, katika vijiji sita. Mfadhili anataka mpango wa ufuatiliaji na tathmini ndani ya mwezi mmoja. Mkurugenzi ameniambia nichukue mpango wa mradi uliopita nibadilishe majina ya vijiji. Nimeusoma, una viashiria 43, na sioni hata kimoja kinachoniambia kama mama wa kijijini amepata maji. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Uweke kando mpango huo kwa siku mbili tu, chukua karatasi tupu, na uandike majina ya wale watakaosoma taarifa zako pamoja na uamuzi ambao kila mmoja wao anapaswa kuufanya baada ya kuzisoma. Mfadhili ataamua kama atoe awamu inayofuata ya fedha. Mkurugenzi wako ataamua kama ahamishe mafundi kutoka kijiji kimoja kwenda kingine. Kamati ya maji itaamua kama ipandishe bei ya dumu, ibadilishe mwuzaji wa kilulani au imwite fundi. Ukimaliza, kirudie kila kiashiria kati ya vile 43 na ujiulize ni uamuzi gani utakaobadilika namba yake ikipanda au ikishuka. Kisichomsaidia mtu kuamua chochote kifute, kwa sababu kila swali unaloliongeza kwenye dodoso linakula dakika za mama aliyeacha jiko linawaka ili akujibu. Sitashangaa ukibaki na viashiria kumi.

Baada ya hapo ndipo uchore mnyororo wa mradi wenyewe. Kuna pembejeo, yaani fedha, mabomba na mafundi. Kuna shughuli za kuchimba na kulaza mabomba. Kuna mazao, ambayo ni kilula kilichokamilika. Kuna matokeo, ambayo ni kaya kuchota maji safi ya kutosha kila siku. Halafu kuna matokeo ya muda mrefu, kama vile watoto kuacha kuugua kuhara mara kwa mara. Jedwali linalopanga haya, ambalo wengi wetu tunaliita bangokitita, lilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, na mpaka leo wafadhili wengi wanalidai. Safuwima yake ya mwisho, ile ya mambo tunayoyategemea, ndiyo inayojazwa kwa haraka kuliko zote, na mimi nakuomba uijaze kwa makini kuliko zote. Mkiandika kwamba “jamii itachangia gharama za uendeshaji”, hapo mmeuegemeza mradi mzima juu ya jambo ambalo hamjalipima, kwa hiyo liwekeeni kiashiria chake na mlifuatilie kila mwezi kama mnavyofuatilia ujenzi.

Sasa tuje kwenye swali lako la mama wa kijijini. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwamba mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kutoka kwenye kituo kisichozidi meta 400 kutoka nyumbani kwake, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Fanya hesabu. Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250, ambazo ni madumu 312 na nusu ya lita 20. Kama bomba linajaza dumu moja kwa dakika moja, litahitaji zaidi ya saa tano likimwaga maji bila kusimama. Kama presha ni ndogo na dumu linajaa kwa dakika mbili, ni zaidi ya saa kumi, na hapo sijahesabu muda wa kuliondoa dumu lililojaa na kuweka jingine. Kwa hiyo kilula kinaweza kuhesabiwa kwenye ripoti kuwa kimekamilika na kinatoa maji, huku watu waliopangiwa hawawezi kupata lita zao 25 hata wangekesha pale. Kiashiria cha kasi ya kujaa kwa dumu kinapimwa kwa saa ya mkononi na dumu lenyewe, hakina gharama, na kwa miaka yangu yote katika kazi hii nimekiona kwenye mipango michache mno.

Ongeza na muda wa kwenda, kupanga foleni na kurudi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika ufuatiliaji wao wa pamoja, huihesabu huduma kuwa ya msingi pale ambapo chanzo ni kile kilichoboreshwa na safari yote pamoja na foleni haizidi dakika 30. Usiwaulize watu wakukadirie. Ondoka nao alfajiri, ubebe dumu lako, na uandike saa mliyotoka, saa mliyofika, idadi ya madumu yaliyotangulia, na saa mliyorudi. Utayaona mengi ambayo dodoso haliwezi kukuonyesha, kama vile madumu yaliyoachwa usiku kucha yashike nafasi, au mtoto mwenye sare za shule akisubiri zamu ya mama yake.

Hizo ndizo taarifa za awali, na ni lazima zikusanywe kabla ya bomba la kwanza kulazwa. Kwa Dodoma nakukazia jambo moja zaidi, nalo ni majira. Ukipima mwezi Machi, mabwawa na madimbwi yana maji, na safari ni fupi. Ukipima Oktoba, watu wanachimba mchangani kwenye makorongo na foleni ni ndefu. Mradi uliopimwa mwanzo wakati wa mvua na mwisho wakati wa kiangazi utaonekana umewaharibia watu maisha, na uliopimwa kinyume chake utaonekana wa ajabu, ilhali katika hali zote mbili kilichopimwa ni mvua. Chagua mwezi wa kiangazi, na urudi mwezi uleule kila mwaka. Kisha pima pia mara moja wakati wa mvua, kwa sababu wakati huo watu huyaacha maji ya kulipia wakaenda kwenye madimbwi ya bure, mapato ya kilula yanashuka, na fedha za dizeli au umeme zinakosekana kiangazi kinaporudi.

Kuhusu bajeti, wengi hutenga kati ya asilimia 3 na 10 ya fedha za mradi kwa ufuatiliaji na tathmini. Chini ya hapo utajikuta ukiandika ripoti kutoka mezani. Na mkurugenzi wako mwonyeshe ile hesabu ya madumu, naamini atakuelewa.

Mwalimu wetu ametuambia ufuatiliaji na tathmini ni kitu kimoja, lakini kwenye mafunzo kwa vitendo nimeona ni idara mbili. Ukaguzi nao unaingia wapi? Mwanafunzi, Morogoro.

Ni kazi mbili zinazotegemeana. Ufuatiliaji unafanywa na watu wa mradi wenyewe, siku hadi siku, wakilinganisha kilichopangwa na kinachofanyika, ili warekebishe mapema. Tathmini inafanywa kwa vipindi, katikati, mwishoni au miaka kadhaa baada ya mradi kufungwa, mara nyingi na mtu wa nje, na inauliza kwa nini mambo yamekuwa yalivyo na kama mradi ulistahili kufanywa. Watathmini wengi hutumia vigezo vilivyotolewa mwaka 1991 na kamati ya misaada ya maendeleo ya OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi zilizoendelea, ambavyo vilikuwa vitano na vikawa sita mwaka 2019: mradi kugusa mahitaji halisi, kupatana na kazi nyingine zinazoendelea mahali hapo, kufikia malengo, kutumia rasilimali vizuri, athari zake, na uendelevu. Ukaguzi unahusu kufuata sheria, kanuni na taratibu za fedha, ingawa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufanya pia ukaguzi wa ufanisi, na huo unakaribiana sana na tathmini. Mwambie mwalimu wako kwa heshima kwamba tathmini isiyokuwa na kumbukumbu za ufuatiliaji huwa inaanza kwa kubahatisha.

Naomba usitaje wilaya yangu. Nimefanya uhakiki wa vilula 18 vilivyojengwa na mradi wetu miaka miwili iliyopita. Kumi na kimoja vinatoa maji, saba havitoi. Kiongozi wangu ameniagiza niandike kuwa vyote vinafanya kazi kwa sababu “vilikabidhiwa vikiwa vizima”. Nina familia, sitaki kupoteza ajira. Nifanyeje?

Pole sana, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, kwa sababu jambo la namna hii lilinikuta mimi pia nikiwa kijana, katika shirika ambalo sitalitaja. Nilikubali kuandika walivyotaka. Miezi minane baadaye timu ya mfadhili ilikwenda kijijini bila kutuarifu, ikakuta bomba limekauka na nyasi zimeota kwenye sakafu ya kilula. Kilichoniuma zaidi ya lawama za ofisini ni kwamba, kwa kuwa tulikuwa tumeandika kila kitu kiko sawa, hakuna aliyekuwa ametenga hata shilingi moja ya matengenezo kwa kijiji kile. Namba yangu ndiyo iliyowanyima fundi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usiibadilishe namba, ila uifanyie kazi ili isomeke vizuri. Kwanza, eleza “kinafanya kazi” maana yake ni nini. Kilula kinachotoa maji siku ya uhakiki ni kitu kimoja. Kilichotoa maji angalau siku sita kati ya saba zilizopita ni kingine. Chenye mabomba mawili ambayo moja limevunjika koki ni kingine tena. Pili, kwa kila kimoja kati ya vile saba andika tarehe, sababu na gharama ya kukirudisha. Utagundua kwamba hali zao hazifanani. Kuna kitakachohitaji koki tu, kuna ambacho pampu yake imeungua, na huenda kuna ambacho kisima chenyewe kimekauka. Kiongozi anayeletewa sentensi moja inayosema “saba havifanyi kazi” anaona hatari. Anayeletewa jedwali linaloonyesha kwamba vinne vinaweza kurudi ndani ya wiki mbili kwa fedha zilizopo anaona kazi ya kufanya. Tatu, mpelekee maelezo hayo kwa maandishi, kwa lugha ya adabu, kabla ya ripoti kwenda nje, na ubaki na nakala yako.

Mkumbushe pia kwamba hamko peke yenu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Maji iliendesha zoezi la kuvitambua na kuviweka kwenye ramani vituo vya maji vijijini Tanzania nzima, na ikaonekana kwamba karibu vituo vinne kati ya kila kumi havikuwa vikitoa maji. Takwimu hiyo iliumiza, lakini ilihamisha mjadala kutoka kujenga vipya kwenda kulinda vilivyopo, na kuundwa kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, kwa sheria ya mwaka 2019 kulikuja wakati ambapo uendelevu ulikuwa umekwisha kuwa hoja kuu. Siku hizi fedha zenyewe zimeanza kufungwa kwenye matokeo. Programu ya maji na usafi wa mazingira vijijini iliyoidhinishwa na Benki ya Dunia kwa Tanzania mwaka 2018 ilipangwa kwa utaratibu wa kulipa baada ya matokeo kupatikana na kuhakikiwa. Chini ya utaratibu kama huo, anayeandika vilula 18 wakati viko 11 anamwachia mhakiki wa nje akaibue jambo ambalo lingeibuliwa na wenyewe.

Kama baada ya hayo yote bado analazimisha, usiweke sahihi yako. Omba ripoti itolewe kwa jina lake. Najua ushauri huu una gharama, na ningekuwa nakudanganya kama ningesema hauna.

Kwako mwandishi, salamu kutoka Bungoma. Kikundi chetu kimejengea chemchemi kumi na mbili kwa saruji na bomba. Zahanati inasema visa vya kuhara vimepungua. Mfadhili anauliza tunajuaje kwamba ni kwa sababu yetu. Tumjibu nini?

Swali la mfadhili ni la haki, na bahati nzuri jibu lake lilitafutwa huko kwenu magharibi mwa Kenya. Watafiti wakiwemo Michael Kremer na Edward Miguel walishirikiana na shirika lililokuwa likijengea chemchemi karibu 200. Kwa kuwa zote zisingejengewa kwa mara moja, mpangilio wa zipi zitangulie ulifanywa kwa njia ya kura, yaani kwa bahati nasibu, na zile zilizosubiri zikawa za kulinganishia. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2011. Walikuta uchafu wa vinyesi kwenye maji ya chemchemi umepungua kwa takriban theluthi mbili, lakini kwenye maji yaliyohifadhiwa nyumbani upungufu ulikuwa karibu robo tu. Kuhara kwa watoto kulipungua, nako kwa karibu robo.

Ukitazama hizo namba mbili za kwanza zikiwa pamoja utaona safari ya ndoo. Kati ya chemchemi na mtungi kuna mikono, kuna kata ya kuchotea, kuna ndoo isiyokuwa na mfuniko, na kuna wanaochanganya maji ya vyanzo viwili. Aliyepima kwenye chemchemi peke yake angetangaza ushindi mkubwa. Waliokwenda mpaka mtungini walijua kwamba kazi iliyobaki iko nyumbani.

Ninyi hamwezi kupiga kura sasa, kwa kuwa chemchemi zote kumi na mbili mmekwisha kuzijengea. Mnachoweza ni kutafuta vijiji jirani vinavyotumia zahanati hiyohiyo na chemchemi ambazo hazijajengewa, kisha mkalinganisha daftari za zahanati za miezi ileile, kabla na baada. Angalieni kama katika kipindi hicho kulikuwa na jambo jingine, kwa mfano kampeni ya vyoo, chanjo mpya au mvua chache. Mfadhili mwambieni kwa uwazi kwamba mmechangia, na muonyeshe ushahidi wa kuchangia huko. Msidai upungufu wote ni wenu. Na mkipata fedha za chemchemi nyingine, pangeni zamu kwa kura mbele ya wananchi. Ni njia ya haki hata kwa yule asiyejali utafiti, kwa kuwa hakuna atakayesema chemchemi ya mwenyekiti imetangulizwa.

Habari za kazi? Tunafanya tathmini ya kati katika wilaya moja yenye kaya zaidi ya 20,000. Mshauri mmoja anasema tuhoji kaya 384, mwingine anasema 19. Nani mkweli? Na je, tunaruhusiwa kuwapiga picha watu na kuzituma kwenye mfumo? Mratibu, Tabora.

Salama, ndugu Mratibu. Wote wawili wana hoja, kwa maswali tofauti. Namba 384 inatokana na kanuni ya sampuli pale unapotaka kukadiria asilimia kwa uhakika wa asilimia 95, ukikubali kukosea kwa asilimia 5 kila upande, na kaya zikichaguliwa moja moja kwa bahati nasibu kutoka wilaya nzima. Ninyi, kwa sababu za usafiri, huenda mtachagua vitongoji kwanza kisha kaya ndani yake; majirani hufanana, kwa hiyo sampuli huongezwa, mara nyingi hadi maradufu. Namba 19 inatoka kwenye njia iliyozaliwa viwandani kwa ajili ya kukagua ubora wa bidhaa, na ambayo imetumika sana katika afya nchini Uganda. Kaya 19 katika kila eneo la usimamizi zinatosha kukuambia kama eneo hilo limefikia kiwango mlichojiwekea au liko nyuma, lakini hazitoshi kukupa asilimia ya eneo hilo moja. Kama swali lenu ni “msimamizi gani anahitaji msaada mwezi huu”, 19 inawatosha. Kama ni “wilaya nzima imefika asilimia ngapi”, nendeni na hesabu kubwa.

Ila ukubwa wa sampuli hauponyi uchaguzi mbaya. Ombeni orodha ya kaya kwa mwenyekiti wa kitongoji, mchague kwa bahati nasibu, na wadadisi wenu waifuate kaya iliyochaguliwa hata ikiwa kilometa nne kutoka barabarani. Nyumba zilizo karibu na barabara ndizo zilizo karibu na bomba.

Kuhusu picha, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwelezeni mtu taarifa yake ni ya nini, nani ataiona na itakaa muda gani, mpate ridhaa yake, na kwa mtoto mpate ya mzazi au mlezi. Kwa maoni yangu, picha ya bomba na ya dira, yaani mita ya kupimia maji, inatosha kabisa kuthibitisha kazi. Sura ya mama aliyeinama na dumu haithibitishi chochote ambacho dira haiwezi kuthibitisha.

Ndugu mwandishi, mimi ni katibu wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, mkoani Iringa. Kila robo mwaka vijana wanakuja na simu, wanatuuliza maswali yaleyale, wanaondoka. Mwaka wa tatu sasa hatujawahi kuletewa majibu. Wananchi wameanza kutuuliza sisi taarifa zao zinakwenda wapi. Tuwajibu nini?

Ndugu Katibu, mnaumizwa na jambo ambalo sisi wa taaluma hii tumelifanya kwa miaka mingi, na naliona kuwa ni kosa letu. Mtu aliyetoa majibu ana haki ya kujua yalisema nini. Kijana wa simu atakapokuja tena, kabla hajafungua dodoso, mwombeni kwa upole matokeo ya safari iliyopita. Kama hanayo, mwandikieni barua kiongozi wake na nakala kwa mtendaji wa kijiji, mkimtaka aje kuyasoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, sawasawa na ratiba yao ya kukusanya taarifa.

Hata hivyo msikae mkiwasubiri. Ufuatiliaji ulio bora kuliko wote unaweza kufanyika hapohapo kilulani, kwa vitu viwili mlivyo navyo: dira ya maji na daftari la mauzo. Nichukue mfano wa kubuni. Tuseme dira imesoma uniti 180 mwezi huu. Kila uniti ni lita 1,000, kwa hiyo yametoka maji lita 180,000, ambayo ni madumu 9,000. Daftari linaonyesha yameuzwa madumu 6,300. Madumu 2,700, yaani asilimia 30, hayakuingiza fedha. Msimrukie mwuzaji kwa maneno. Funga koki zote usiku, usome dira, uisome tena alfajiri. Ikiwa imesogea, bomba linavuja baada ya dira na mnahitaji fundi. Ikiwa haijasogea, hapo ndipo mkae na mwuzaji na kulisoma daftari pamoja naye.

Na daftari linasomeka. Niliwahi kufunuliwa moja, kwenye kijiji ambacho sitakitaja, ambalo kwa siku 31 lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ileile, mwandiko ukiwa umenyooka, madumu 210 Jumatatu, 210 Jumanne, 210 hata siku ambayo wanakijiji wote walisema pampu ilikuwa imezimwa. Daftari la kweli lina rangi mbili tatu za wino, lina doa la maji kwenye kona, lina siku ya mnada yenye namba kubwa na siku ya mvua yenye namba ndogo. Mwuzaji yule, tulipoongea naye vizuri, alisema hakuna aliyewahi kulifungua tangu alipopewa, basi alikuwa akilijaza mwisho wa mwezi. Baada ya kamati kuanza kulisoma kila Ijumaa mbele yake, lilibadilika ndani ya wiki tatu.

Andikeni namba nne tu kwenye ubao wa matangazo wa kijiji kila mwisho wa mwezi: uniti zilizosomwa kwenye dira, madumu yaliyouzwa, fedha zilizoingia, na siku ambazo kilula hakikutoa maji. Chini yake andikeni mlichoamua kufanya. Wananchi wakiwauliza taarifa zao zinakwenda wapi, waonyesheni ubao, na siku ya mkutano mkuu daftari lenyewe liwekwe mezani mbele, ili anayetaka kulifunua alifunue.